Kusafisha kioo cha akwariomu: kitambaa laini pia kinaweza kuua samaki

Akwariomu, lile sanduku la kioo la kufugia samaki, utaikuta katika saloni ya watu, katika hoteli, ao katika mgahawa kandokando ya ziwa. Inapendeza macho, na watoto wanaweza kukaa mbele yake saa nzima bila kelele. Lakini kila mwenye nayo anajua kazi yake: kisha wiki mbili hivi kioo kinaota ukijani, samaki hawaonekani tena vizuri, na mtu anatafuta kitu cha kusugulia. Hapo njo mashaka yanaanzia. Wengi wanajiuliza swali moja tu: kitu hiki kitakwaruza kioo? Swali hilo ni zuri, lakini peke yake halitoshi. Kuna mengine mawili, na hayo njo yanaokoa samaki, na wakati mwingine yanaokoa hata mtu.

Yaliyotokea Uvira

Baba yangu mdogo anakaa Uvira. Kwa miaka mingi alikuwa na akwariomu ya litre 120 hivi katika saloni yake, na ndani yake samaki kumi wadogo wa kwenye mawe, wale ambao wavuvi wanaleta wangali hai ndani ya bidoni. Siku moja ya posho, binti yake alitaka kumfurahisha. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake, siku ya yenga, na kioo kilikuwa kimeshakuwa kijani.

Yule binti ni mtoto mwenye akili. Alikataa waya wa kusugulia sufuria, sababu alijua unakwaruza. Alikataa Omo, sababu alisikia kwamba sabuni inaua samaki. Akakamata kipande cha chandarua mpya, ile tunaita musitikere, kilichobaki walipofupisha ile ya kitanda. Akakikunja kama eponji, akasugua kioo chote polepole. Kioo kiling'aa kama kipya.

Saa kumi za mchana, samaki walianza kupanda juu ya maji. Walikuwa wanatetemeka, wanaogelea kwa ubavu, wanajigonga kwenye kioo. Asubuhi yake wanane walikuwa wanaelea.

— Baba, lakini nilitumia kitu laini. Angalia, hakuna hata alama moja kwenye kioo.

— Naona, mama. Kioo kiko kizima. Ni maji njo yalikufa.

Vyandarua tunavyogawiwa juu ya malaria vinatiwa dawa ya kuua mbu tangu kiwandani. Mara nyingi dawa hiyo ni deltametrini, permetrini ao alfa-sipermetrini, zote za jamaa moja inayoitwa piretroidi. Mwili wa mtu unaivunja dawa hiyo kwa haraka, njo maana tunalala chini ya chandarua kila usiku bila shida, na tunapaswa kuendelea kulala chini yake. Samaki hana uwezo huo. Kwake dawa hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, na kiasi kidogo sana, ambacho jicho halioni na pua hainusi, kinatosha kumumaliza. Kipande kipya kinaachia dawa nyingi kuliko kile kilichofuliwa mara nyingi, lakini hata kuukuu usikiamini.

Basi, kitu kinaweza kuwa laini kama pamba na bado kikaua. Tukiisha kuelewa hilo, kuchagua chombo kunakuwa rahisi.

Kioo kinachafuka namna gani?

Kabla ya kuchagua dawa, mganga anatafuta kwanza kujua ugonjwa. Uchafu wa kioo uko wa namna mbalimbali, na kila namna ina chombo chake.

Ndani ya akwariomu mpya, katika wiki za kwanza, kunatokea mara nyingi vumbi la kahawia. Ni viumbe vidogo vinavyoitwa diatomu. Hivyo vinatoka hata kwa kidole, kitambaa kinatosha.

Kisha kunakuja ukijani mwepesi unaofunika kioo kama ukungu. Huo ni mwani. Unaota juu ya vitu viwili: mwanga na mbolea. Mbolea yenyewe ni mavi ya samaki na chakula kinachobaki chini. Huo nao eponji laini inautosha bila shida.

Kukiwa na mwanga mwingi na muda ukapita, kunatokea nukta za kijani zilizoshika kioo kwa nguvu, ngumu kama rangi iliyokauka. Hapo eponji inashindwa, na hapo watu wanafanya makosa, sababu wanaenda kutafuta kitu kikali.

Kuna pia utando wa kijani cha buluu, unaoteleza na kunuka vibaya. Huo ni bakteria, hata kama unafanana na mwani. Ukiusugua ukauacha ndani ya maji, unarudi haraka. Unapaswa kunyonywa kwa mpira pamoja na maji, kisha kupunguza chakula.

Mwisho, kuna ule mstari mweupe juu kabisa, pale maji yanapofikia. Ile ni chokaa. Maji ya ziwa Tanganyika yana madini mengi, na pH yake iko karibu na 9. Maji ya ziwa Kivu pia yako hivyo. Maji yakipanda hewani, madini yanabaki kwenye kioo. Mstari huo hautoki kwa kusugua hata ukasugua mpaka jua lizame. Unatoka kwa kitu chenye uchachu, tutakiona mbele.

Maswali matatu ya kujiuliza

La kwanza: kinakwaruza?

Wataalamu wa mawe wanapima ugumu kwa kipimo cha 1 mpaka 10. Kioo cha kawaida kiko karibu 5.5. Chembe ya mchanga wa kwarzi iko 7. Pleksi, ile plastiki inayofanana na kioo, iko karibu 3 tu. Kilicho kigumu zaidi kinakwaruza kilicho laini zaidi. Njo maana adui mkubwa wa kioo chako ni mchanga ulio chini ya akwariomu. Eponji nzuri kabisa ikigusa chini na kukamata chembe moja, halafu ukaipandisha juu ukisugua, utaona mstari utakaobaki siku zote. Watu wanalaumu eponji, kumbe ni chembe.

Mkwaruzo kwenye kioo hauvujishi maji, lakini unabaki, na mwani unapenda kuota ndani yake pale eponji haifiki. Kila ukisafisha, mstari wa kijani unarudi mahali palepale.

La pili: kinaacha nini ndani ya maji?

Chochote kinachoingia ndani ya maji kinaacha kitu: sabuni, mafuta, harufu, kutu, dawa. Samaki anapumua kwa matamvua, ngozi nyembamba sana ambayo maji yanapita juu yake kila wakati. Sabuni inaharibu ngozi hiyo, na samaki anakosa hewa hata kama maji yako na hewa ya kutosha. Mtu anaweza kutoka ndani ya chumba chenye moshi. Samaki wa akwariomu hana mlango.

La tatu: kinaweza kufanya nini kwa mkono wangu na kwa sanduku lenyewe?

Vioo vya akwariomu vinashikwa kwa gundi ya silikoni. Chombo chenye makali kikikata gundi hiyo kwenye pembe, sanduku litaanza kuvuja, leo ao kisha mwezi. Litre moja ya maji ni kilo moja. Akwariomu ya litre 120 ikifunguka, ni kilo 120 za maji juu ya meza, juu ya sakafu, na juu ya nyuzi za umeme. Na mkono wako ndio ulio ndani.

Vyombo, kimoja kimoja

Kitambaa cha pamba. Kipande cha tisheti kuukuu nyeupe ni chombo kizuri na hakina bei. Kioshe kwa maji ya moto peke yake, mara mbili ama tatu, bila sabuni. Kisha kiandike ao kifunge kamba ili mtu yeyote wa nyumba asikikamate kupangusa meza. Kitambaa kilichowahi kupangusa mafuta ya gari, petroli ao rangi, hata kikifuliwa mara kumi, hakiingii.

Eponji. Chukua mpya, isiyo na harufu, isiyoandikwa kwamba inaua vijidudu. Eponji ya namna hiyo imetiwa dawa. Kama ina upande mmoja wa kijani wenye kukwaruza, kata upande huo uutupe. Ile nyuzi ya kijani mara nyingi imechanganywa na unga mgumu wa kusugulia sufuria. Eponji iliyokwisha kuosha sahani haifai tena kwa samaki, sababu sabuni inakaa ndani ya matundu yake hata ukiikamua.

Kadi ya plastiki. Hiki njo chombo tunachokipenda zaidi. Ile kadi ambayo SIM inatoka ndani yake, ao kadi ya benki iliyopita muda, inafaa sana kwa nukta ngumu. Plastiki ni laini kuliko kioo, kwa hiyo haikikwaruzi. Ina ukingo ulionyooka, kwa hiyo inasukuma uchafu wote. Ikichakaa, unakata ukingo mpya kwa makasi. Kabla ya kuanza, ikwangue maandishi ya rangi kama yanatoka, na uioshe. Lakini kwa akwariomu ya pleksi, ipime kwanza kwenye pembe isiyoonekana.

Wembe. Hapa tusidanganyane: wembe mpya juu ya kioo cha kweli unafanya kazi vizuri. Chuma chake kina ugumu unaokaribiana na wa kioo, na ukiulaza, kama mtu anayenyoa ndevu, unapita bila kuacha alama. Hatari yake iko kwingine. Wembe wenye kutu ao uliovunjika jino unakwaruza. Wembe uliogusa mchanga unakwaruza. Wembe ukifika kwenye pembe unakata silikoni. Na vidole vikiloa vinateleza. Kama unapaswa kuutumia, uufunge kwenye mpini, usikaribie gundi kwa upana wa kidole, na ukimaliza uutoshe ndani ya maji palepale. Kwa pleksi, wembe hapana kabisa.

Waya wa chuma wa kusugulia sufuria. Hapana. Unakwaruza, na tena unaacha vipande vidogo ambavyo samaki anaweza kumeza, na vingine vinashika kutu chini.

Buroshi ya meno. Mpya peke yake, yenye nywele laini. Inasaidia kwenye pembe, karibu na silikoni, na kwenye mipira ya pompi. Iliyotumiwa inabaki na dawa ya meno.

Sumaku. Kuna vyombo vinavyouzwa vya sumaku mbili: moja inakaa ndani, nyingine nje, unasukuma ya nje na ya ndani inafuata. Faida yake ni kwamba mkono hauingii majini. Lakini angalia mambo matatu. Sumaku inapaswa kulingana na unene wa kioo: dhaifu juu ya kioo kinene inaanguka, na yenye nguvu nyingi juu ya kioo chembamba inaminya vibaya. Usiishushe mpaka kwenye mchanga. Acha nafasi ya vidole viwili. Ikianguka chini, usiivute ikipanda kioo: itoshe kwa mkono, isafishe mchanga wote, ndipo uirudishe. Na ganda lake likipasuka, sumaku inashika kutu ndani ya maji, itupe.

Magazeti na karatasi. Kwa upande wa nje, sawa. Ndani, hapana, sababu zinamomonyoka na zinaziba filtre.

Chandarua. Umeshasikia yaliyotokea Uvira. Tuongeze jambo moja: bomba la dawa ya kuua mbu na mende linalopulizwa ndani ya nyumba lina dawa za jamaa ileile. Kabla ya kupuliza, hamisha watu, funika akwariomu kwa kitambaa kilicholoa, na zima pompi ya hewa, sababu inavuta hewa ya chumba na kuiingiza majini. Vizuri zaidi, usipulize kabisa ndani ya chumba kile. Na wavuvi wanaovua kwa chandarua wafikiri pia: samaki wadogo wa ziwani hawana mwili tofauti na wa saloni.

Dawa za kung'arisha kioo

Zile dawa za buluu za kupulizia madirisha, nyingi zina amonia ao alkoli. Watu wanasema: napuliza nje tu. Lakini ukungu wake unaruka, na akwariomu iko wazi juu. Kwa upande wa nje, maji safi na kitambaa vinatosha. Ukitaka kingine, tia dawa juu ya kitambaa ukiwa mbali, kisha upanguse. Usipulizie kamwe kwenye kioo.

Hapa kwetu jambo la amonia ni zito kuliko mahali pengine, na hii watu wachache wanaijua. Amonia ndani ya maji ina sura mbili: moja yenye sumu kali, nyingine yenye sumu kidogo. Sehemu ya kila sura inategemea pH na joto. Katika maji ya pH 7 na joto la digrii 25, sehemu yenye sumu haifiki hata 1 kwa 100. Katika maji ya pH 9, kwa joto lilelile, inakaribia theluthi moja. Kwa hiyo anayefuga samaki ndani ya maji ya Tanganyika ao ya Kivu hana nafasi ya kukosea. Kiasi kile ambacho samaki wa maji mengine wangevumilia, wa kwetu kinawaua.

Na amonia haitoki kwa chupa tu. Inatoka kila siku katika mavi ya samaki. Inamezwa na bakteria wazuri wanaokaa ndani ya filtre, juu ya mawe na ndani ya mchanga. Mtu akisafisha kila kitu siku moja, kioo, mawe, mchanga, na filtre chini ya bomba, anaua wafanyakazi wake wote kwa mara moja. Siku ya pili ao ya tatu samaki wanakufa, na watu wanasema ni uchawi ama ni chakula. Siku ya kioo iwe siku ya kioo. Filtre iwe na siku yake, na ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka ndani ya akwariomu yenyewe.

Javeli: si ya kusugulia akwariomu yenye samaki, hata tone. Na tunarudilia kwa sauti: usichanganye javeli na siki, ndimu, ao dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu ya mtu.

Siki na ndimu njo dawa ya ule mstari mweupe wa chokaa. Uchachu unaiyeyusha. Lakini fanya hivi: punguza maji mpaka mstari ubaki juu, lowesha kitambaa kwa siki kidogo, kishike pale dakika chache bila kudondosha ndani, kisha pangusa kwa kitambaa cha maji safi. Kama chokaa ni nyingi sana, ngojea siku utakayohamisha samaki na kumwaga maji yote.

Moto wa SNEL ukirudi mkono ukiwa ndani

Hapa tunawaomba msome polepole.

Bukavu na Goma ziko juu, kwenye mita 1,500 hivi, na usiku kunapoa. Samaki wa Tanganyika, ziwa lililo kwenye mita 770 hivi, wamezoea maji ya vuguvugu. Kwa hiyo watu wengi wanatia ndani ya maji rezistansi ya kupasha joto, pamoja na pompi. Vyote viwili vinakula umeme wa volti 220.

Sasa fikiria: umeme umekatika. Mtu anasema, bon, hakuna moto, ni wakati mzuri wa kusafisha. Anatia mkono mpaka kiwiko. Katikati ya kazi, umeme unarudi bila kugonga mlango. Kama bomba la kioo la rezistansi lina ufa, ama uzi wa pompi umechunika, maji yote yanashika umeme, na mkono uko ndani.

Kwa hiyo kanuni ni moja: tosha fishi kwenye prizi, uione kwa macho iko mkononi mwako. Kuzima swichi hakutoshi. Kungojea umeme ukatike hakutoshi. Kama nyumba inatumia groupe ao sola, ni vilevile.

Baada ya kutosha fishi, ngojea dakika 20 mpaka 30 kabla ya kupunguza maji. Rezistansi ingali moto. Ikiachwa hewani, kisha ikaguswa na maji baridi, inapasuka. Na nyuzi zote zining'inie kwanza chini kuliko prizi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka kwenye uzi lianguke sakafuni badala ya kuingia ndani ya prizi. Ralonji isikae chini ya akwariomu.

Mkono wenye kidonda usiingie. Kuna bakteria wa maji ya samaki, ndugu wa mbali wa yule wa kifua kikuu, anayeingia kwa mchubuko na kuleta vivimbe visivyopona upesi. Vaa glavu, ao mwachie mwingine kazi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Kwanza, andaa maji mapya mapema. Maji ya bomba yana klorini. Yaache ndani ya beseni wazi siku moja nzima. Maji ya ziwa ao ya mto yanaweza kuwa na vijidudu vya bilharzia vinavyopenya ngozi; yaache siku mbili bila konokono ndani kabla ya kutia mkono.

Pili, nawa mikono na viwiko kwa maji tupu. Mafuta ya mwili na losheni vibaki nje.

Tatu, tosha fishi zote. Ngojea.

Nne, anza juu, ushuke. Kitambaa ao eponji kwanza. Simama vidole viwili juu ya mchanga. Suuza eponji kila mara ndani ya ndoo ya pembeni yenye maji ya akwariomu. Ile sehemu ya chini kabisa, karibu na mchanga, imalize kwa kadi ya plastiki, ukivuta kuelekea juu.

Tano, nukta ngumu: kadi. Zikikataa, wembe mpya uliolazwa, mbali na silikoni.

Sita, nyonya uchafu ulioanguka kwa mpira, ukitosha robo ya maji, si zaidi. Usivute mpira kwa mdomo: ujaze maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, kisha achilia ndani ya ndoo.

Saba, rudisha maji mapya polepole, yenye joto linalofanana. Mkono ukisikia tofauti, samaki atasikia zaidi.

Nane, rudisha fishi. Kosa hili linafanyika sana: mtu anafurahia kioo, anaenda kulala, pompi imezimika usiku mzima. Funga kitambaa chekundu kwenye prizi ukianza, ukitoshe ukimaliza.

Kisha kaa dakika kumi uangalie. Samaki wakipanda kuhema juu ao kutetemeka, badilisha nusu ya maji palepale na utie hewa kwa nguvu. Usingojee asubuhi.

Si lazima vioo vyote ving'ae

Ziwa Tanganyika lina samaki wa jamaa ya siklidi zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kati yao kuna wale wanaoitwa Tropheus, ambao wapenzi wa samaki wa Ulaya na Amerika wanawanunua kwa bei kali. Tropheus anaishi kwenye mawe ya pwani, na kazi yake mchana kutwa ni kukwangua mwani kwa meno yake madogo mengi. Ukijani ambao wewe unauita uchafu, yeye anauita chakula.

Kwa hiyo mwenye samaki hao asafishe kioo cha mbele, kile macho yanapita, na aache kile cha nyuma kiote. Samaki watakichunga wenyewe. Na anayechoka kusugua kila wiki, apunguze kwanza sababu: asogeze akwariomu mbali na dirisha lenye jua, awashe taa saa nane tu kwa siku, na asitie chakula kuliko kile samaki wanamaliza kwa dakika mbili.

Baba mdogo alibaki na samaki wawili. Alibadilisha maji nusu asubuhi ile, nusu tena jioni, na hao wawili walipona. Leo ndani ya kisanduku pembeni ya akwariomu yake kuna vitu vitatu: kipande cha tisheti nyeupe, kadi ya SIM, na kitambaa chekundu cha prizi. Binti yake njo mwenye kisanduku. Mtu mwingine akikifungua kutafuta cha kupangusia meza, anamwambia: Yaya, kile cha samaki ni cha samaki.